Mapengo Kwenye Kaseti ya Ogola

Mimi nina mdomo, hilo mtaa wote wa Munyaka hapa Eldoret unajua. Wakati nilikuwa na meno yangu kamili nilipiga kelele moja hapa nyuma ya soko, ndege iliyokuwa inashuka kule Kapseret ikarudi juu, rubani akidhani amekatazwa kutua. Ng'ombe wa Sugoi walikuwa wakisikia sauti yangu wanaachilia maziwa kabla mtu hajashika ndoo. Kama huamini, nenda uulize ng'ombe.

Lakini leo sisemi habari zangu. Nasema habari za Ogola, mtu mwembamba aliyekuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo, ambaye sasa amelala udongoni kando ya ziwa. Na kaseti yake moja, ambayo ilikuwa ikilia karibu na sikio langu kila siku, na bado ilinichukua karibu uzee wangu wote kuisikia.

Ogola alikuja Eldoret akiwa kijana, sanduku la mbao kichwani na nyatiti kifuani. Nyatiti ni kinanda chetu Wajaluo, cha nyuzi nane. Mpigaji anakaa chini kwenye kigoda, anakiinamia kama mama anayenyonyesha, amevaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ya kugongea ubao, na njuga kifundoni. Siku za kazi Ogola alirekebisha mashine za kusokota uzi. Jumamosi alirekebisha watu. Matanga, harusi, mtoto amepita mtihani, mtu amenunua baiskeli, yote aliitwa.

Sasa, muziki wetu una desturi yake. Mtu hakai akasikiliza kimya kama yuko hospitali. Wimbo ukifika mahali patamu unasimama, unainua mkono, unamkatiza mpigaji: "Ngoja hapo!" Anangoja. Unamtupia ulicho nacho, kisha unajisifu mbele ya watu. Tunaita pakruok. Unasema wewe ni mtoto wa mto unaokula madaraja, au wewe ni simba aliyekataa nyama ya bure. Mpigaji anayachukua maneno yako, anayasuka kwenye nyuzi, anakurudishia ukiwa mkubwa mara mbili. Ukifika nyumbani unakuta mlango umekuwa mdogo. Kwa hivyo kila wimbo una mapengo yake, nafasi za watu kujisifia.

Kazi yangu ilikuwa kuyafungua hayo mapengo. Watu wa mjini wanaona haya, lazima mtu aanze. Nilianza mimi. "Ngoja hapo Ogola! Mimi ndiye Akumu, niliyemkaba mamba koo mpaka akatapika pete ya nyanya yangu, na kidole chake, na nyanya mwenyewe, akiwa bado anauliza kama chakula ni tayari!" Watu wanacheka, haya zinawatoka, mwingine anasimama, na mwingine. Ogola hakuwahi kucheza mahali bila mimi. Nilikuwa kama ile kamba unayovuta jenereta iwake.

Aliyeweza kunishinda ni mmoja tu, mke wake, Seline. Na huyo hakupiga kelele. Alikuwa ananiacha nimwage yangu yote, nikae nipanguse jasho, halafu anasema polepole kutoka pale alipokaa, "Ngoja hapo, baba. Mimi ni Seline. Mimi ndiye uzi wa tisa."

Hapo ilikuwa imeisha. Wanawake wanapiga vigelegele, Ogola anainama mpaka paji la uso linagusa ubao, nyuzi zinalia zenyewe. Mimi na mamba wangu tunabaki tumekaa pale kama watu waliokosea mlango.

Kaseti zake alirekodi kwa Abdullahi, Msomali wa duka la pale kona. Siku hizi anauza vifuniko vya simu na taa za sola, lakini wakati huo ukuta wake wote ulikuwa kaseti, na alikuwa na mashine ya kunakili. Abdullahi hajui Kijaluo. Neno moja tu analijua, rech, samaki, na samaki mwenyewe hali. Lakini alikuwa na masikio. Alinichukua na mimi nikajisifu ndani ya kaseti, na ziliuzwa mpaka Kitale. Mtu alikuwa anaweza kuninunua, anipeleke nyumbani, anizime akichoka. Marehemu mume wangu alisema angependa kuonyeshwa hicho kitufe.

Basi. Asubuhi moja Seline aliinama kuchukua sufuria ya uji na hakuinuka vizuri. Upande mmoja wa mwili ulilala. Ulimi nao ukalala. Walimpeleka hospitali, wakamrudisha na kitanda cha kuazima na maneno mengi ya daktari, lakini yeye mwenyewe hakurudi na hata neno moja. Alikuwa anakuangalia tu na lile jicho lililobaki na nguvu. Kabla mwaka haujageuka kiwanda nacho kikafunga. Ogola akakaa nyumbani na mke wake, akimgeuza, akimlisha, akimpaka mafuta. Watu walikuja kumwita matanga, akakataa. Tukasema, haya, nyatiti imekwisha.

Halafu akaenda kuazima kinasa sauti kwa Abdullahi. Akakaa nacho msimu mzima wa mvua. Alipokirudisha, kulikuwa na kaseti ndani.

Nilikimbia dukani kuisikia. Nilijua lazima nimo. Nilikuwa sijaenda kujisifu, ni kweli, lakini nilifikiri labda alininasa nikipita barabarani. Abdullahi akaiweka.

Hakukuwa na njuga. Hakukuwa na ile pete ya chuma. Baadaye tulijua alikuwa amefunga kidole na kitambaa, anagonga kama mtu anayebisha kwenye nyumba ya mgonjwa. Wimbo ulikuwa wa polepole. Yule Ogola aliyekuwa anapaza sauti mpaka mbwa wanajibu, sasa alikuwa anaimba kama anaongea na mtu aliye umbali wa mkono. Hakusifu mwenye lori, hakusifu chifu. Alimwambia mtu fulani kwamba mvua imeanza, kwamba mahindi ya jirani yameota, kwamba leo uji haukuungua. Maneno ya nyumbani tu. Na akifika pale pa mtu kujisifu, anaacha. Kimya. Kimya kirefu mpaka unainama kuangalia kama umeme umepotea. Halafu anaendelea.

"Nini hii?" nikamuuliza Abdullahi. "Watu wako wapi?"

"Ndiyo hivyo alivyoleta, mama."

"Amenitoa!"

"Ametoa kila mtu, mama. Hata mimi mwenye mashine hajaniimba."

Watu walinunua kwa sababu ya jina, na kabla ya wiki kuisha wakaanza kurudi wamebeba kaseti. Kila mmoja alikuwa na neno lilelile. Imefutika. Dereva mmoja wa lori la ngano, mtu mkubwa, akaiweka juu ya meza kama mtu anayerudisha maziwa yaliyoganda.

"Abdullahi, umeniuzia kaseti imeliwa na panya."

"Haijaliwa. Iko hivyo."

"Mimi nimesikiliza mpaka nikasimama kando ya barabara. Inaimba, inakufa. Inaimba, inakufa. Nikajisifu mwenyewe ndani ya lori, na hakunijibu!"

Tulicheka siku hiyo mpaka Abdullahi akashika mlango. Lakini alimbadilishia. Aliwabadilishia wote, wakaenda na za zamani, zile zenye njuga na zenye mimi. Nilifurahi, nitasema nini. Kaseti zisizo na mdomo wangu zilijaa kwenye sanduku chini ya meza, na mimi nilipita kila siku kuangalia zinavyozidi.

Abdullahi peke yake ndiye aliyekuwa akiicheza. Alfajiri akifungua, jioni akifunga, na barabara ikinguruma mlangoni pake. Nilimwambia hasikii hata neno, anapendea nini?

Akafikiria. Abdullahi hajibu haraka. "Mama, mtu akikupa salamu, unamjibu. Hata kama umekasirika, unamjibu. Huyu hapa ametoa salamu, na anangoja. Hapati. Anatoa tena. Hakasiriki." Akapangusa kioo cha meza na mkono. "Zile za kwanza ni nzuri za kuuza. Hii mimi siwezi kuizima katikati."

Nilimwambia akanywe chai.

Seline alikufa kabla ya Krismasi ya mwaka huo, na Ogola akatundika nyatiti ukutani. Miaka ikapita hivyo. Alikuwa anatengeneza cherehani za watu kwenye veranda, haongei sana, nywele zikawa kama majivu. Halafu, sijui jinsi gani, vijana wakaipata ile kaseti. Mmoja aliitoa kwenye sanduku la baba yake, akaitia kwenye simu, na simu zikaambukizana. Wakaanza kusema ndiyo kubwa kuliko zote, kwamba kabla yake Ogola alikuwa mwimbaji kama wengine na hapo ndipo akawa Ogola. Eddah, msichana anayeuza chai hapa kwa lango langu, alikuwa anaiweka akipika mandazi. Hata yeye si Mjaluo.

Lakini walikuwa wameirekebisha. Mtu alikaa na kompyuta akaona pale patupu, akasema hapa pameharibika, akaweka DJ. Kila pengo lilikuwa na DJ anabweka jina lake na king'ora.

Ogola aliisikia hivyo mara ya kwanza akiwa amekaa kwangu, amekuja kurekebisha cherehani yangu. Simu ya Eddah ikaimba. Akainua kichwa. Ikafika kwenye pengo, DJ akabweka. Akaweka bisibisi chini, akaondoka, cherehani imebaki wazi.

Mwaka huu kifua chake kilishindwa. Kilikuwa kimebeba pamba ya kiwanda tangu ujana wake. Nilienda kumwona, amelala kwenye kitanda kilekile cha kuazima ambacho hakuna mtu alikuja kukidai. Nikamwambia mimi nimekuja kumkaba huyo kifo koo kama nilivyomkaba mamba. Akatabasamu, pumzi ikakosa njia.

"Akumu. Nataka kitu."

"Sema."

"Watakuja watu wa nyumbani. Jacktone atakuja na maspika yake. Unamjua." Jacktone ni mdogo wake, anakodisha vyombo vya muziki kule ziwani, mtu wa kelele kuliko mimi. "Kabla wanichukue, hapa kwa hii nyumba, nataka ile kaseti ichezwe. Si ya simu. Ile ya Abdullahi. Mara moja tu, mpaka mwisho. Na watu wanyamaze kwa mapengo."

"Ogola, wewe ni mgonjwa lakini si mjinga. Wajaluo, matanga, wimbo umeachwa wazi, na unataka wanyamaze?"

"Ndiyo nakuambia wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unawafungua midomo. Ifunge."

"Na nisipoweza?"

Aligeukia ukuta, pale nyatiti ilipotundikwa, na nikaona kwamba kwake hilo ndilo lilikuwa limebaki, hakuna lingine. Aliondoka siku chache baadaye.

Siku ya kumsafirisha ilikuwa baridi ya Eldoret ile inayoingia kwa magoti. Ukungu, matope, viti vya plastiki, hema limepinda upande mmoja. Walimleta kutoka mochari akae nyumbani kwake kidogo kabla ya safari, vile tunavyofanya. Na Jacktone alikuwepo kweli, maspika mawili marefu kama milango ya kanisa, ameshika mkanda wa maneno ya kujisifu kichwani mwake tangu Kisumu. Ungemwona midomo inafanya mazoezi.

Abdullahi alikuja na kofia yake, amebeba mashine ya kaseti mikononi kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe. Kaseti yenyewe, ile ya kwanza iliyotoka kwenye kinasa sauti, alikuwa ameihifadhi ndani ya mkebe wa majani chai.

"Hiyo ya nini, Mzee?" Jacktone akauliza. "Niko nayo kwa flash. Iko na DJ, iko na bezi, kila kitu."

"Marehemu alitaka hii."

"Hiyo ni mbovu! Iko na mashimo!"

"Jacktone," nikasema, "unganisha waya."

"Mama, watu wametoka mbali. Lazima wajisifu. Unataka ndugu yangu aende kama mtu ambaye hana watu?"

Na hapo nilimwonea huruma, kwa sababu hakuwa mbaya. Kwake kimya kilikuwa ni aibu. Kwangu pia kingekuwa, kama ningekuwa sijaona ule uso ukigeukia ukuta. Nikajua nikiwaomba watu kwa upole watatikisa vichwa, halafu wimbo wa kwanza tu mikono itakuwa juu. Upole haujawahi kumfunga Mjaluo mdomo kwenye matanga. Nikachukua kipaza sauti.

"Watu wangu," nikasema, "mmesikia vijana wakisema hii kaseti ina mapengo. Hamjaambiwa ni ya nini. Mimi nilikuwepo. Kule Sugoi kulikuwa na mtu wa trekta, alijisifu ndani ya pengo la kwanza. Asubuhi sauti yake ilikuwa imehamia kwa mbuzi. Mbuzi anasema mimi ni simba wa Sugoi, mwenyewe yuko nyuma ya nyumba anasema mee. Mpaka leo mbuzi ndiye anaenda mikutano."

Walicheka. Niliwaacha wacheke, halafu nikateremsha sauti, vile Seline alikuwa anafanya.

"Wa pili alikuwa wa Kapseret. Huyo tulimzika mdomo ukiwa wazi, umekataa kufungika. Yale mapengo, Ogola anaita. Mwenye kujibu leo, na yeye amelala hapo, amemwitikia maiti. Na maiti akiitikiwa anajua nyumba ya kupitia."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alimfunika mtoto wake mdomo na leso. Abdullahi aliniangalia kwa jicho la pembeni, maana hata bila kusikia yote alijua nadanganya, ananijua. Akabonyeza.

Lile pengo la kwanza lilipofika, mkono wa Jacktone uliinuka wenyewe. Ni mazoea, hakukusudia. Hema lote likamgeukia. Akaangalia mkono wake pale juu, akajifanya anatengeneza kofia, na kofia hakuwa nayo.

Kimya.

Nitaeleza kile kimya, kwa sababu mimi na umri wangu wote sikuwa nimewahi kukaa ndani ya kingine. Kwa duka kulikuwa na barabara. Kwa simu kulikuwa na DJ. Hapa watu wote walikuwa wameshika pumzi kwa woga, na yale maspika ya Jacktone, ambayo nilikuwa nimeyaogopa, yalichukua kilichokuwa ndani ya pengo na kukiweka kati yetu. Kulikuwa na mvua kwenye mabati. Kulikuwa na jiko, makaa yakipasuka. Kigoda kikalia. Ndipo nikajua pengo halikuwa tupu hata siku moja. Ilikuwa ni nyumba hii, chumba kile pale, na ndani yake mtu mwingine anapumua. Pumzi nzito ya upande mmoja.

Ogola alikuwa anamngoja Seline. Hakuwa amewatoa watu. Alikuwa amemwachia nafasi yake, kila wimbo, kwa muda ambao ulimi uliolala ungehitaji, na hakumharakisha. Pengo la kwanza hakusema kitu. La pili hakusema. Ogola anamwambia mvua, anamwambia mahindi, anangoja.

Wimbo wa mwisho, ndani ya lile pengo refu lililomfanya dereva wa ngano kusimamisha lori, ikaja sauti. Ndogo. "Mmm." Imevutwa kutoka chini kama ndoo kutoka kisimani. Ni hiyo tu.

Na Ogola akaichukua. Mimi niliyemsikia akisuka wenye malori na machifu na mamba wangu, sikuwahi kumsikia akisuka hivyo. Ile mmm aliizungusha kwenye nyuzi, akaitaja, akairudia, akaipandisha na kuishusha, akamrudishia mwenyewe ikiwa kubwa kuliko jina la mtu yeyote. Halafu kaseti ikagonga mwisho wake, tak.

Jacktone alikuwa amekaa kwenye matope, si kwenye kiti. Alisema, "Huyo ni shemeji." Wakambeba Ogola wakaenda naye.

Sasa hapa ningekuambia kwamba yote yalikuwa mazuri baada ya hapo, na unajua naweza kuyatengeneza. Lakini ile hadithi ya mbuzi ilitoka Munyaka kabla ya gari la maiti. Mtu wa Sugoi akafa ghafla, wakasema alikuwa akiisikiliza. Vijana wakaanza kuifuta kwenye simu. Nilimwona Eddah akifanya hivyo mbele yangu, anabonyeza na kucha.

"Eddah, mimi nilidanganya. Hakuna mbuzi."

"Ndiyo, shosho."

"Hakuna mtu wa Kapseret!"

"Ndiyo, shosho. Lakini sitaki kufa."

Maisha yangu yote nimesema nimekaba mamba, wakacheka. Uongo mmoja wakaniamini, na ni huo.

Kwa hivyo tumebaki wawili, mimi na Abdullahi. Siku nyingine akimaliza swala ya alasiri anafunga mlango nusu, anatoa mkebe wa majani chai. Ile kaseti ni ya zamani, utepe umelegea, zile za sanduku chini ya meza alisharekodia nyimbo nyingine, na mashine ya kunakili aliiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Kila tukiicheza inaliwa kidogo. Pumzi bado iko. Mvua bado iko. Lakini ile mmm, mara ya mwisho, niliisikia kwa sababu nilijua mahali ilipo. Abdullahi alisema hata hakuisikia, na yeye ndiye mwenye masikio.

Jana nilimwomba Eddah aje na simu yake, aiweke tu karibu na spika, iingie huko kabla haijaisha. Dakika chache. Nikamwambia nitakaa naye, nitamshika mkono.

Aliuvuta mkono wake, akafunika mandazi, akaniuliza kama nataka chai.